Naitetea Dodoma mpaka kwetu Tanga: je, nimepotea?

*Shikamoo mzee. Mimi ni mhasibu, mzaliwa wa Tanga, Ngamiani. Nilihamishiwa Dodoma mwezi wa sita mwaka juzi, na miezi ya mwanzo nilikuwa nalia. Vumbi, maji ya chumvi, midomo kupasuka, mji ambao kila kitu kiko mbali na kila kitu. Sasa sielewi nimepatwa na nini. Likizo iliyopita kaka yangu alisema Dodoma ni jangwa la watu wa serikali, nikabishana naye mpaka chakula kikapoa. Wenzangu ofisini kila Ijumaa wanawahi treni ya Dar, mimi nimeacha. Wanasema nimezoea shida tu, na mtu akizoea shida huiita mapenzi. Nina akiba kidogo na dalali ameshanionyesha kiwanja. Wewe umefanya kazi ya mipangomiji hapa miaka mingi. Je, ninachokihisi ni cha kuaminika kiasi cha kujenga? Na birika langu limeota mawe, nifanyeje? – Mwanatanga wa Ipagala*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikicheka, maana ubishi wa chakula kupoa nimeufanya kwetu Bukoba kwa zaidi ya miaka thelathini na sijashinda hata siku moja.

Wenzako wa treni wana hoja, tusiwadharau. Mtu mwenye jino bovu hufika mahali akatafunia upande mmoja bila kujua, na ukimuuliza atakwambia haumwi. Huko ndiko kuzoea. Ila wewe kasoro zote umezitaja kwa majina, hata moja hukuificha, halafu ukaendelea kubishana na kaka yako. Mambo ya moyo si fani yangu. Nitakujibu kwa kile nilicholipwa kukijua, yaani kwa nini mji huu uko ulivyo. Maana kuna jambo nimeliona taratibu, na chuoni hawakunifundisha: yanayokukera Dodoma na yanayokuvuta yametoka kwenye mzizi mmoja. Wengi wanataka kung'oa upande mmoja wabaki na mwingine, na hapo ndipo wanapoumia.

Nianze na maji, kilio cha kwanza cha kila mgeni.

Hapa tunapata mvua kama milimita 570 kwa mwaka. Tanga mnapata zaidi ya mara mbili ya hizo, tena zimegawanyika. Zetu karibu zote zinashuka kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo unaweza kuanika mtama juu ya bati, ukaenda msibani Kigoma, ukarudi baada ya mwezi ukaukuta mkavu. Mjini hakuna mto unaotiririka mwaka mzima. Tuna makorongo, ambayo miezi saba ni njia ya mbuzi na siku mbili tatu kwa mwaka ni mto unaobeba magari. Kwa hiyo mji umekuwa ukinywa kutoka ardhini, hasa kwenye visima vya Mzakwe katika bonde la Makutupora, kaskazini mwa hapa. Maji yaliyokaa chini muda mrefu hulamba madini ya miamba, nayo Dodoma imekaa juu ya mwamba wa kale sana. Ndiyo maana sabuni inagoma kutoa povu, na ndiyo maana ya birika lako. Nitalirudia.

Kilio hiki kina umri mkubwa kuliko mji wenyewe. Misafara ya pembe za ndovu iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, ikishapita Mpwapwa, ilikuwa inavuka nyika iliyoitwa Marenga Mkali. *Malenga* kwa Kigogo ni maji. Wapagazi walikuwa wanasema maji makali. Richard Burton na John Speke walipita huko mwaka 1857, na ndivyo ilivyoingia kwenye ramani zao. Wakishafika Ugogo kwenyewe, misafara iliwakuta watemi wanatoza hongo kabla mtu hajatia kata kisimani. Hongo ya wakati ule ilikuwa ushuru wa njia na wa maji, unalipwa mchana kweupe kwa vitambaa na shanga. Neno limeharibika baadaye. Limeharibikia wapi, mimi mstaafu sisemi.

Basi ukiona jirani yako ana simtanki mbili, na ndoo za uani zote zina vifuniko, ujue uko katika nchi ambayo maji yamekuwa na mwenyewe na bei tangu zamani. Mimi nilishuka stesheni ya hapa mwaka 1989, usiku, na begi moja na mkungu wa ndizi za mama, nikapanga chumba Chang'ombe. Wiki ya kwanza nilioga kama mtu wa ziwani, ndoo nzima. Mama mwenye nyumba hakunigombeza. Aliniletea kopo la kimbo, akalitua juu ya ndoo yangu, akaondoka. Mpaka leo naoga kwa kopo, hata nikiwa hotelini.

Ukavu huohuo unaokupasua midomo ndio unaotia zabibu sukari. Kwenu Tanga mzabibu ungekufa kwa ukungu kabla ya kuona mwaka wa pili. Hewa ya pwani imelowa. Hapa tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mchana jua kali, usiku baridi, hewa kavu, na mzabibu unayataka hayohayo. Wamisionari wa Bihawana ndio walioanza kuipanda kwa ajili ya divai ya altare, wakulima wakachukua, na leo ukienda Hombolo, Mpunguzi au Chinangali utakuta mashamba ya zabibu mahali ambapo mgeni angeapa hakuoti kitu. Na sisi tunavuna mara mbili kwa mwaka, Februari hadi Machi, kisha Agosti hadi Septemba. Kule Ulaya baridi ndiyo inayoulaza mzabibu. Hapa hakuna baridi ya namna hiyo, kwa hiyo mkulima anaulaza mwenyewe kwa mkasi: anapogoa, mti unadhani mwaka umekwisha, unaanza upya.

Nisikupambie. Zabibu ikishaiva haisubiri mnunuzi, na nimeona misimu ambayo wakulima wamekaa na ndoo barabarani mpaka nzi wakawazidi wateja. Ndiyo maana wengine wamehamia kukamua na kuuza mchuzi wa zabibu kwa viwanda, angalau unakaa. Nawe ukinunua zabibu pale barabarani Machi, bei ikiwa imeshuka, usimkabe yule kijana kwa shilingi mia mbili. Mnunuzi akikosekana leo, kesho anazimwaga.

Mbuyu ni hadithi hiyohiyo. Watu wa pwani mna mibuyu, ila mnaiogopa. Hapa tunaishi nayo. Miezi ya kiangazi inasimama mitupu kama imepandwa mizizi juu, maji yake imeyafungia kwenye shina, na mwishoni mwa mwaka majani yanaanza kutoka wakati sisi bado tunatazama mbingu tukisema mwaka huu tumekwisha. Ukiwa na mbuyu karibu na kwako, huhitaji mtabiri. Yule wangu wa nyuma ya nyumba ameshanidanganya mara moja tu.

Sasa hilo la "kila kitu kiko mbali na kila kitu." Hapa niruhusu nikae kidogo, maana hii ndiyo kazi iliyonifuga.

Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu yahame Dar es Salaam yaje katikati ya nchi, na mwaka huohuo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo wenyeji tuliijua kwa herufi tatu tu, CDA. Mpango wa mji ulichorwa na kampuni ya Kanada, Project Planning Associates ya Toronto, ukatoka 1976. Vijana wa leo wakiuona wanacheka kwamba Wazungu walituchorea kijiji. Hawakukosea kusoma mchoro, walikosea kucheka. Mwalimu Nyerere hakutaka mji wa kutisha watu kwa maghorofa. Alitaka mji ulioshikana na ardhi, mitaa iliyojitosheleza, kila mmoja na shule yake, zahanati yake na maduka yake, watu waende kwa miguu, na kati ya mtaa na mtaa wapande basi. Milima iachwe wazi. Mabonde ya makorongo yaachwe wazi, yapandwe miti.

Halafu ikaja vita ya Kagera, 1978 hadi 1979, mafuta yakapanda, hazina ikakauka. Mitaa ilikuwa kama shanga zilizokwisha kutengenezwa moja moja, uzi wa kuziunganisha haukufika. Tukabaki na mitaa hapa, mitaa kule, mingine ina herufi badala ya majina, Area A, Area C, Area D, na katikati yake mapori ambayo usiku fisi walikuwa wanapita. Mabasi ya mpango ule hayakuja. Bunge lilihamia 1996 na bado mji ukawa wa msimu, unajaa wabunge wakija, unalala wakiondoka. Nilipokuwa nachora ramani miaka ile, tulikuwa na utani ofisini kwamba sisi ndio wapangamiji pekee duniani wanaosubiri mji.

Mji ukaja wote kwa pamoja. Julai 2016, siku ya Mashujaa, Rais Magufuli alitangaza hapa hapa kwamba Serikali inahamia. CDA ikavunjwa Mei 2017 baada ya malalamiko mengi ya wananchi juu ya ardhi, Dodoma ikapewa hadhi ya jiji Aprili 2018. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika eneo hili, ile ya 2022 ikahesabu 765,179. Pima mwenyewe: miaka arobaini tulisubiri, na miaka kumi ikaleta karibu nusu ya watu wote waliopo. Barabara zinachimbwa leo ili kulaza bomba, kesho zinachimbwa ili kulaza waya. Umbali unaokuchosha kutoka Ipagala hadi Mtumba ni uzi ule ule wa 1976, sasa unapitishwa kwa haraka na mikono mingi.

Kama utaniuliza mimi, Mji wa Serikali pale Mtumba siupendi. Ofisi ni nzuri, miti inakua, lakini mji wa ofisi tupu ukifika saa kumi na moja jioni hubaki na walinzi na upepo. Ningeweka nyumba za watumishi wa kawaida katikati yake, na soko. Hilo nimelisema kwenye vikao mpaka nikaacha kualikwa.

Lakini huo umbali ndio uliotuachia anga. Simama popote hapa, hata kituo cha daladala, utaona mlima. Miamba imebebana kama mtu aliipanga akaenda kunywa maji, jioni inakuwa na rangi ya ubuyu. Miji mingi ikikua inafuta milima yake kwa nyumba. Sisi tulichelewa kukua, yetu ikapona, angalau mpaka sasa. Na bado asubuhi nikienda kununua maziwa napishana na mbuzi na gari la kiongozi kwenye barabara moja, na wanaopewa njia ni mbuzi.

Kuna jambo katika barua yako limenichoma, ingawa si lako, ni la kaka yako. Jangwa la watu wa serikali. Yaani kabla ya mafaili palikuwa patupu.

Hii ni nchi ya Wagogo. Nchi nzima inawajua kwa mizaha miwili, njaa na kuombaomba, na mizaha hiyo imesafiri kuliko ukweli wake. Vita vya kwanza vya dunia vilipopita hapa, majeshi ya Wajerumani kisha ya Waingereza yalichukua nafaka, yakachukua ng'ombe, yakachukua wanaume kuwa wapagazi. Mvua nayo ikagoma. Njaa iliyofuata, kuanzia 1917, wazee wanaiita *Mtunya*, na watu wengi sana walikufa. Mgogo akikwambia jina hilo huwa hacheki. Nakuomba siku kaka yako akirudia mzaha wake, umweleze Mtunya taratibu, halafu umwongeze chai.

Wagogo ndio waliojua kukaa hapa kabla ya simtanki. Nyumba zao za tembe, paa bapa la udongo, zilikuwa baridi mchana na joto usiku. Sisi tukaja na bati na sasa tunalipia umeme wa feni. Mlenda ambao huenda bado unaukwepa ni elimu ya ukavu: majani yanachumwa mvua ikiwepo, yanakaushwa, yanasagwa, yanakaa ghalani mpaka mvua nyingine. Mimi mtu wa ndizi ilinichukua mwaka mzima kuumeza bila kufumba macho. Sasa nikikosa mlenda na ugali wa uwele wiki mbili, mke wangu anajua nimeanza kununa. Kula kwa mkono, usitumie kijiko. Kijiko kinauonea.

Salamu jifunze pia. Ukikutana na mtu mmoja unasema *mbukwa*, wakiwa wengi *mbukwenyi*. Hiyo peke yake sokoni Majengo itakupunguzia bei kuliko ubishi wote wa Kitanga. Jumamosi moja nenda mnadani Msalato, ng'ombe upande huu, nguo na sufuria upande ule, moshi wa nyama katikati, na usivae viatu unavyovipenda. Na kama utasikia kuna ngoma Chamwino, omba lifti. Muheme wanaupiga wanawake, ngoma wameibana katikati ya mapaja, na sauti wanazipanga zikafuatana bila mtu kuzifundisha darasani. Marehemu Hukwe Zawose, aliyeuzungusha muziki wa Kigogo duniani kwa ilimba na zeze, alizaliwa kijiji cha Doduma, ndani ya mkoa huu huu. Michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, sitaieleza, nenda ukaione.

Turudi kwenye swali lako lenyewe. Kipimo ninacho kimoja, kidogo, nimekitumia kwa watumishi wengi waliopita mikononi mwangu. Usiangalie mtu analalamika au halalamiki. Angalia analalamika kwa nani. Mgeni hulalamika kwa simu, kwa watu wa kwao. Aliyeanza kuwa wa hapa hulalamika kwa mwenyekiti wa mtaa. Wewe katika barua yako, sehemu niliyoikata kwa urefu, umeandika kwamba ulikwenda kikao cha mtaa kudai taa ya barabarani na ukagombana na katibu. Wenzako wa treni hawawezi kugombana na katibu yeyote, hawamjui. Hisia yako naiamini.

Ila kiwanja ni habari nyingine, na hapa nakuwa mkali kidogo.

Unajua maana ya jina Dodoma. Wenyeji wanasimulia tembo aliyekuja kunywa maji akazama kwenye matope, watu wakasema *idodomya*, imedidimia. Watalii wanaipenda hadithi hiyo. Mimi naisoma kama ripoti ya udongo. Mabonde ya hapa yana mfinyanzi mweusi, ule wa mbuga, unaovimba ukinywa maji na kusinyaa ukikauka. Tembo aliujua kabla yetu.

Mimi, msomi wa kazi hii, nilinunua kiwanja changu cha kwanza mwezi wa Septemba 1994. Septemba kila kiwanja ni kizuri. Ardhi ilikuwa imepasuka mistari kama ngozi ya mamba, nikasema moyoni ni kiangazi tu. Fundi aliniuliza, "Mzee, msingi twende futi ngapi?" Nikabana matumizi, nikasema mbili zinatosha. Mvua za pili, mlango wa mbele ukagoma kufunga. Za tatu, ufa ukatoka dirishani ukapanda mpaka kwenye lenta, na mke wangu akawa anaupima kwa kidole kila Jumapili, anasema sasa kinaingia chote. Niliuza ile nyumba kwa hasara na nikamwambia mnunuzi kila kitu, jambo ambalo dalali wangu hakunisamehe.

Kwa hiyo usilipe sasa hivi hata dalali akikwambia kuna mnunuzi mwingine kutoka wizarani. Huyo mnunuzi wa wizarani yupo kwenye kila kiwanja cha Dodoma tangu 2016, na hajawahi kununua. Subiri mvua kubwa ishuke, kisha nenda kesho yake asubuhi na viatu vya mpira. Uone maji yamepita wapi, yametuama wapi. Kama kiwanja kiko karibu na korongo, usihesabu hatua kutoka ukingo wa leo, ukingo unasogea. Chimba shimo la mita moja na nusu, au mlipe kijana achimbe, utazame rangi. Udongo mwekundu wa kichanga una nafuu. Mweusi unaonata kwenye jembe unataka msingi wa mhandisi na pesa ambazo kwa barua yako naona huna. Tembelea majirani, umsifu mwenye nyumba huku macho yako yakiwa kwenye kona za madirisha. Halafu mtafute bibi wa eneo lile, aliyekuwepo kabla ya upimaji, umuulize mahali pale paliitwaje. Jina la Kigogo la mahali mara nyingi limebeba habari ambayo ramani yangu haikuibeba.

Na karatasi. Ufanye upekuzi wa hati mwenyewe kwenye ofisi ya ardhi, usitumiwe picha kwa simu. Uone bikoni, yaani alama za mipaka, kwa macho, zote nne, uhakikishe namba ya kiwanja inalingana na mchoro uliosajiliwa. Miaka ya mabadiliko viwanja vingine vilipata wenyewe wawili na watatu, na kesi zake bado zinatembea. Mwenyekiti wa mtaa muulize pia, na yule katibu, kwa kuwa mmeshagombana mnafahamiana.

Kuna la mwisho ambalo watu wa hisabati mnalijua ila mnasahau mkiwa na furaha. Wewe ni mtumishi. Serikali iliyokuleta Ipagala inaweza kukupeleka Sumbawanga kwa barua ya mistari minne. Kama utajenga, jenga nyumba ambayo utakubali kuipangisha ukiwa mbali, na wakati wa Bunge la bajeti, Aprili hadi Juni, nafasi za kulala zinapokuwa adimu, chumba cha uani chenye mlango wake kitakulipia maji ya mwaka. Ningekuwa wewe ningeanza na hicho chumba cha uani, nikaishi humo, nikapanda miti miwili mitatu kwanza. Mwarobaini hapa unashika haraka. Mwembe utahitaji umwagie maji ya vyombo miaka miwili ya mwanzo.

Birika. Hayo mawe si chumvi ya mezani, ni chokaa iliyokuwa imeyeyuka ndani ya maji, inaganda maji yakichemka. Usikwangue kwa kisu, utatoboa. Kamua ndimu tano au sita, au tumia siki nusu kikombe, jaza maji mpaka yafunike mawe, chemsha, zima, acha usiku kucha. Asubuhi yatatoka yenyewe kwa kutikisa. Rudia kila baada ya wiki tatu. Ndimu nunua Majengo, Jumamosi mchana, wakati wachuuzi wanafunga na hawataki kurudi nazo.